Kipande Kilichobaki Upande wa Kulia

Ninamwandikia mwanamke ambaye wakati huu amejikunja juu ya mkeka, amekumbatia chupa ya maji moto, na watu wa nyumba wanamwambia kwamba kila mwanamke huumwa. Nimekaa juu ya mkeka huo miaka mingi. Udaktari siujui. Shule niliiacha darasa la tatu, nikamfuata shangazi yangu aliyekuwa akiuza samaki wakavu, na tangu hapo miguu yangu haikutulia. Ninachojua ni jinsi nilivyoumwa, jinsi nilivyopasuliwa, na aibu moja ndogo iliyokaribia kuniharibia yote.

Nimezaliwa Kisegi, karibu na maji. Nilipokua nilibeba samaki hadi Rongo, kutoka Rongo hadi Migori, na mara nyingine hadi Kegonga kwa Wakuria, ambako nilibadilisha samaki kwa wimbi na ndizi. Sikuwa na haraka ya kurudi popote. Nilitaka kuona sukari nguru inavyopikwa kwa maji ya miwa, nikakaa siku nzima mbele ya karai la mtu. Nilitaka kujua Waislamu wa Migori wanasema nini wakizungumza, nikaomba kulala nyuma ya duka la Mama Zuhura, nikakaa mwaka mzima. Kiswahili changu nilikipata hapo, na kusoma niliendeleza hapo hapo, kwa magazeti ya zamani tuliyofungia chumvi. Mama Zuhura alikuwa ananigombeza: "Wateja wanangoja, wewe unasoma karatasi ya chumvi!"

Ni yeye aliyetambua ugonjwa kabla yangu. Kila mwezi nilikuwa na siku zangu za kulala chini ya kaunta, natapika, jasho baridi likinitoka, mgongo kama umepigwa shoka. Nilidhani ni mizigo. Siku moja aliniinamia akasema, "Atieno, hii si mizigo. Mizigo haina kalenda. Hii inakuja na damu na inaondoka na damu. Na kila safari inakaa zaidi."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na maumivu yakishaondoka kijana husahau.

Niliolewa Rongo na Ochola, seremala mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alinipenda nikiwa njiani, na hakunikataza njia. Lakini mwaka wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu pia, na tumbo langu halikuleta mtu. Lilileta uchungu tu. Uchungu ulianza kutoka nje ya siku zake. Ulinijia nikikaa, nikienda choo, hata nikiwa na mume wangu, mpaka akaanza kunigusa kama mtu anayegusa sufuria asiyojua kama ina moto. Hakuna kilichoniumiza kama mkono wake ule wenye hofu.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alisema lililosemwa na kila mtu: kwamba kuna mwiko uliovunjwa, labda katika safari zangu nyingi. Nilinyweshwa majani machungu. Nilioshwa kwa maji ya majani. Siku moja nilimsikia nyuma ya jiko akimwambia Ochola, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, sikwambii umfukuze. Nakwambia uongeze mwingine." Nilisikia randa yake ikianza kukwaruza mbao, na ikakwaruza mpaka giza likaingia.

Ziwa lilikuwa limepanda miaka hiyo ya karibu na Uhuru, likameza mashamba ya ufuoni na njia zangu za zamani. Maji yalipoanza kutulia, ndipo nilipoanguka sokoni Rongo, juu ya ndoo yangu mwenyewe ya samaki. Ochola alifunga duka lake la mbao, akanipakia kwenye basi, akanipeleka Homa Bay, kwenye hospitali ya misheni.

*

Ningependa kukuambia jambo kuhusu benchi la kungojea. Utakapofika, utaona wanawake wote wameketi wakitazama sakafu, kila mmoja akidhani yeye peke yake ndiye mwenye aibu. Mimi sijaumbwa kutazama sakafu. Nilimuuliza jirani yangu ana nini. Alishtuka, kisha akaniambia yote, na wa tatu akasogea, na kabla ya adhuhuri benchi zima lilikuwa linazungumza. Wawili kati yetu tulikuwa na maumivu ya aina moja. Tulishikana mikono kama ndugu waliopotezana.

Daktari alikuwa mama Mzungu mrefu, mwenye madoa ya jua mikononi. Kiswahili chake kilikuwa kigumu kama kiatu kipya, lakini alikuwa na subira. Alinipima kwa mkono, ndani na nje, nikauma kanga yangu. Kisha akaniketisha na kunieleza kama anavyomweleza mtu mwenye akili.

"Damu ya mwezi wako," alisema, "ingine haitoki. Inakaa mahali si pake. Imekaa kwenye vifuko vya mayai, huku na huku. Kila mwezi inaongezeka. Upande wa kushoto kuna uvimbe kama chungwa. Kulia ni mdogo, kama yai la kuku."

"Ni damu gani inayokaa ndani isioze?" nikauliza.

Akatabasamu. "Inakuwa nzito na nyeusi. Sisi tunasema kama chokoleti."

Chokoleti sikuwahi kuiona. Alijaribu kunieleza: kitu cha rangi ya udongo, kizito, kinachoyeyuka polepole. Nikasema, "Kama sukari nguru kabla haijaganda." Yeye naye sukari nguru hakuwahi kuiona karaini. Kwa hiyo tulielewana, kila mtu na utamu wake.

Niliuliza atafanya nini. Alisema atanilaza kwa dawa, afungue tumbo, atazame. Kinachoweza kuokolewa ataokoa, kilichoharibika ataondoa. Hapo ndipo nilipomshika mkono. Nilimwambia, "Daktari, usinifagie kama nyumba ya mtu aliyehama. Niachie kitu." Ochola alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisema maneno aliyokuwa ameyaweka njia nzima: "Kama ni yeye au mtoto, mimi nataka yeye. Lakini kama vyote vinawezekana, tafadhali."

Daktari alimgeukia. "Nitajaribu upande wa kulia," akasema. "Sitaahidi."

Tulikuwa na ahadi hiyo tu, ahadi ya kutoahidi.

*

Wodi ya wanawake ilikuwa na madirisha makubwa ya kuelekea ziwani. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa cha mama wa Kikuria kutoka Kegonga, jina lake Boke. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye lori la wimbi, paja likavunjika. Mguu wake ulikuwa umening'inizwa kwa kamba na mifuko ya mchanga. Asingeweza kwenda popote, kwa hiyo macho yake na mdomo wake vilitembea kwa niaba yake.

"Wewe ni Mjaluo wa wapi?" aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Kisegi."

"Eeh! Ndiyo maana wodi imenuka samaki."

"Na wewe ni wa Kegonga, kwa wezi wa mifugo," nikamjibu. "Nitalala na mkono mmoja juu ya ng'ombe wangu."

Alicheka mpaka mifuko ya mchanga ikatikisika, na muuguzi akamkaripia. Tangu hapo tulikuwa marafiki.

Mambo yaliharibikia kwa mtu mwingine. Sista aliyesimamia wodi yetu alikuwa ameondoka juma lile kuzunguka zahanati za mashambani, na aliyebaki ni mganga msaidizi, mzee mmoja mnyoofu mwenye koti jeupe lililopigwa pasi, jina lake Yona. Alinijia na kipimajoto, akaniuliza kwa Kijaluo nimezaliwa wapi na nimeolewa wapi. Nikamwambia. Akauliza nyumba ya nani. Nikamtajia jina la marehemu baba yake Ochola.

Mkono wake ulisimama hewani. Alirudi nyuma hatua, akakiweka kipimajoto juu ya meza ndogo, akageuka upande.

"Huyo alikuwa ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini. "Babu yetu ni mmoja. Nyar Kisegi, binti wa Kisegi, wewe ni mke wa mwanangu."

Nami nikavuta shuka hadi shingoni. Kwa watu wa kwetu, baba mkwe si mtu wa kukaa naye karibu. Humpi mkono, huketi alipoketi, na mambo ya mwili hayatajwi yeye akiwa anasikia. Si kwamba mnachukiana. Ni heshima, na heshima hiyo hupimwa kwa umbali. Sasa mkwe wangu ndiye angenipima homa na kuuliza habari za tumbo langu.

Boke aliuliza, "Kwani anakudai nini huyo mzee? Mbona anakutazama kama ukuta?"

Nikamweleza. Alitikisa kichwa. "Wajaluo! Mnaweza kufa kwa adabu."

*

Asubuhi ya kupasuliwa Yona alinifuata hadi mlango wa chumba cha upasuaji, akitembea mbele, hakugeuka. Ndani walinivalisha kitambaa kichwani. Mtu wa dawa ya usingizi aliniuliza kama nina meno ya bandia ya kutoa. Nikafungua mdomo nikamwonyesha pengo la chini, mahali sita yalipong'olewa nilipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi. "Umechelewa," nikamwambia, "watu wetu walishatoa." Nilisikia daktari akicheka nyuma ya barakoa yake, na nilifurahi kwamba mkono utakaonifungua umecheka kwanza.

Kisha wakaniwekea usoni kikapu cha waya chenye shashi, wakadondosha etha. Harufu yake ni tamu inayochukiza. Nilianza kuhesabu samaki katika ndoo, nikapotea.

Daktari alinieleza baadaye, kwa sababu sikumwacha mpaka anieleze. Alifungua kutoka chini ya kitovu kwenda chini. Ndani vitu vilikuwa vimeshikana: kifuko cha kushoto kimegandamana na utumbo, mfuko wa uzazi umevutwa nyuma. Alivibandua polepole kwa vidole, kama mtu anayebandua karatasi iliyolowa. Cha kushoto kilikuwa kimeliwa chote, akakitoa. Cha kulia alikipasua, sukari nguru yangu ikamwagika. Akaisafisha, akamenya ule ukuta wa uvimbe kutoka ndani yake, na nyama nzuri iliyobaki akaikunja na kuishona kama kibeti kidogo. Mwisho akaushona mfuko wa uzazi usogee mbele, usilale tena mahali pake pa maumivu.

"Uzi gani?" nikauliza.

"Wa ndani unatengenezwa kwa utumbo wa kondoo. Unayeyuka wenyewe. Wa nje ni hariri, tutautoa."

Nilikaa na wazo hilo kwa furaha kubwa: ndani ya Mjaluo wa Kisegi, kondoo ameshika kibeti changu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Nilipoamka, neno la kwanza nililosikia ni la daktari, karibu na sikio langu. "Kulia kumebaki kipande. Kidogo, lakini kizuri." Nililia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti kuliuma. Hapa nikupe shauri: weka mto juu ya kidonda kabla ya kukohoa, kucheka au kulia. Mto mdogo ni rafiki mkubwa.

*

Baada ya kupasuliwa tumbo hupewi maji. Wanakulowesha midomo kwa pamba. Unangoja utumbo uamke, na dalili ya kuamka kwake ni moja tu, upepo utoke nyuma. Usipotoka, wanaogopa kwamba utumbo umejifunga. Nilikuwa nimeambiwa hayo yote. Usidhani sikuelewa.

Asubuhi ya kwanza daktari alikuja na Yona ubavuni. "Upepo umetoka?" Nikasema bado, na ilikuwa kweli. Jioni ile, wodi imetulia na Yona ameenda kula, upepo ukatoka. Niliona mbingu imefunguka. Boke alikohoa kwa adabu akatazama dari.

Asubuhi iliyofuata daktari alikuja tena, na Yona amesimama karibu na kitanda, beseni mkononi, macho dirishani.

"Upepo umetoka?"

Nilifungua mdomo. Nikaona bega la koti lile jeupe. Mke wa mwana, mbele ya ndugu wa baba wa mumewe, aseme kwamba amejamba? Ulimi wangu ulikataa. Nikatikisa kichwa.

Nilijiambia nitamweleza daktari akiwa peke yake. Lakini hakuwa peke yake hata mara moja, na punde aliitwa kwenda kwa mama aliyekuwa akizaa kwa shida. Nami mchana kutwa, kila Yona alipokuwa wodini, niliubana upepo uliotaka kutoka, na tumbo likavimba likawa gumu kama ngoma. Kiu ilinifanya nione maji kwenye ukuta. Jioni daktari alinibonyeza, uso wake ukabadilika.

"Nausikia utumbo kidogo, sina hakika," akasema. Akanitia mpira puani mpaka tumboni. Kisha akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hakuwa anafanya. "Atieno. Kama asubuhi bado, lazima nifungue tena. Na nikifungua tena, vitashikana upya. Kile kipande cha kulia, sidhani nitakiokoa mara ya pili."

Yona alikuwa amesimama pale pale, ametazama ziwa.

Utasema, mbona hukusema? Ningekuwa mimi ni wewe ningekuuliza hivyo hivyo. Nilijaribu. Nilisema, "Daktari, pengine nina nafuu." Akasema, "Upepo?" Yona akahamisha beseni mkono wa pili. Nikasema, "Pengine." Daktari alifikiri nasema kwa hofu ya kisu. Alinipapasa nywele akaondoka.

Kulipokucha walileta kitanda cha magurudumu. Naikumbuka sauti ya gurudumu moja lililokuwa likilia. Daktari alikuwa ameshavaa kofia yake ya upasuaji. Yona alisimama mbele, mgongo kwangu, tayari kunisindikiza. Nikaweka mkono juu ya upande wangu wa kulia, juu ya bandeji, kama mtu anayeaga. Machozi yalitoka, na bado mdomo ulikataa. Sijui kama kuna kabila jingine ambalo mwanamke wake angelala hivyo.

Ndipo sauti ikatoka kitanda cha pili.

"Hii mtu inaenda wapi?"

"Tulia, mama," Yona alisema. "Tunampeleka kufunguliwa. Utumbo umekataa."

"Utumbo gani umekataa?" Boke alijiinua kwa viwiko, kamba zikalia. "Huyu Mjaluo amejamba tangu juzi! Amejamba juzi jioni, akajamba jana ulipoenda kula, na usiku nimeshindwa kulala! Muulize! Anakuogopa wewe, mzee! Wewe ndiyo kifuniko!"

Kisha mtu mmoja mwishoni alianza kucheka, akaambukiza wengine. Nilijifunika shuka usoni. Chini ya shuka nilisikia viatu vya daktari vikija, vikisimama.

"Atieno. Ni kweli?"

Nikatikisa kichwa juu na chini, shuka likatikisika nalo.

"Mara nyingi?"

Shuka likatikisika tena.

Aliweka chombo chake cha kusikilizia juu ya tumbo langu. Alisikiliza mahali pengi, kwa muda mrefu. Nilimsikia akivuta pumzi. "Rudisha kitanda," akasema. Alipomgeukia Yona, alimkuta amekabili ukuta kabisa, paji la uso karibu liguse chokaa, mabega yakitetemeka. Sikujua kama ni aibu au ni kicheko. Nadhani ni vyote viwili.

Baada ya kuutoa mpira, Yona mwenyewe alileta kikombe cha chai nyepesi isiyo na maziwa. Alikuja kinyumenyume, akakiweka mezani bila kugeuka. "Nyar Kisegi, chai," akasema, akaenda zake. Nimekunywa chai nyingi katika maisha yangu, kwenye masoko na vibanda na nyumba za watu. Hakuna iliyofika pale ilipofika ile.

*

Tangu siku hiyo tulikuwa na utaratibu. Yona alisimama mlangoni, akamwambia Boke kwa Kiswahili, "Mama, muulize mke wa mwanangu kama ameenda choo." Boke akanigeukia, hatua moja tu kutoka kwangu, akasema kwa sauti ya baraza, "Baba yako anauliza umeenda choo!" Nikamnong'oneza Boke. Boke akatangaza. Daktari aliwaacha. Alisema hajawahi kuwa na mfanyakazi aliyefungwa kamba mguuni anayefanya kazi vizuri hivyo.

"Nitaomba mshahara," Boke alikuwa akisema. "Na ng'ombe mmoja kwa kazi ya usiku."

Nyuzi za nje zilipotolewa, nilianza kutembea nimejipinda, nimefungwa mshipi mpana wa kitambaa, nikishika vitanda vya watu. Ngozi ya chini ya kovu haikusikia chochote, kama ya mtu mwingine. Nywele zilikuwa zikibaki kwenye kitana. Nilipoagana na Boke alinishika kidevu akasema, "Ukizaa, mtoto asipate adabu nyingi."

Ochola alikuja kunichukua. Nyumbani nilikuta kitanda chetu kimepanda. Alikuwa ameongezea miguu yake vipande vya mbao, ili nishuke bila kukunja tumbo, na ukutani amepigilia upao wa kushikia, ameupiga msasa mpaka ukawa laini kama sabuni. Alisimama tu akingoja nishike. Na mkono wake uliponigusa usiku huo haukuwa na hofu.

Mama mkwe alinichotea maji msimu mzima, kwa sababu nilikatazwa kubeba kichwani. Hatukuzungumza habari ya mke wa pili. Siku moja, akinifunga mshipi, aliona kovu. Alilitazama, akapitisha kidole kando yake, akasema, "Hao madaktari waliingia hapa wote?" Kisha akaenda jikoni, na tangu hapo sikunyweshwa majani.

Damu ya kwanza niliingoja kama mtu anayengoja askari. Ilikuja wakati wa kupanda mtama. Nililala tayari juu ya mkeka, chupa ya maji moto tayari. Nikangoja maumivu. Yalikuja madogo, yakakaa kidogo, yakaenda. Niliinuka nikaenda kusimama mlangoni, nisijue nifanye nini na siku nzima niliyopewa. Nikaenda sokoni bila samaki, kutembea tu.

Sitakudanganya kwamba yote yaliisha. Miezi mingine huuma bado. Mwenzangu wa benchi, yule niliyeshikana naye mikono, alipasuliwa pia na hakubakishiwa kitu, na leo analea watoto wa dada yake na anacheka vizuri kuliko mimi. Ninamtembelea kila nikipita. Kwa hiyo usisome habari yangu ukadhani nakuahidi mtoto. Ninachokuambia ni kwamba uulize kabla ya kulazwa nini kitatolewa na nini kitabaki, na ukiulizwa, ujibu. Hata kama aliyesimama pale ni nani.

Mvua ndefu zilikuja zikaenda, zikaja tena. Nilikuwa Kegonga nikibadilisha samaki, nikamkuta Boke sokoni kwao anachechemea kwa fimbo. Alinitazama, akanitazama tena kiunoni, akaiangusha fimbo.

"Kile kipande?" akauliza.

"Kile kile."

Siku ya kuzaa mtoto alilala mkingamo tumboni, na daktari yule yule alinifungua mahali pale pale, kwenye kovu la zamani, akatoa msichana mwenye hasira nyingi. Nilipoamka, Ochola alikuwa amemshika kama ubao wa bei ghali. Nilimwita Boke, jina la Kikuria kati ya Wajaluo, na mama mkwe alitaka kujua ni jina gani hilo. Nikamwambia ni jina la mtu aliyesema ukweli wakati mimi nimeshindwa.

Kesho yake asubuhi mlango wa wodi ulifunguliwa. Alikuwa Yona, amezeeka kidogo, koti limepigwa pasi vile vile. Sista alikuwa likizoni. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa kitupu, hakuna kamba, hakuna mifuko ya mchanga, hakuna wa kutumwa.

Alisimama mlangoni muda mrefu. Kisha akaja, akageukia dirisha na ziwa, beseni mkononi.

"Nyar Kisegi," akasema.

"Baba."

"Upepo..." Akakoma. Akajaribu tena, kwa sauti iliyonyooka kama amri. "Upepo umetoka?"

Nilimtazama mtoto aliyelala ubavuni kwangu, upande wa kulia. Nikaweka mto juu ya kidonda, kwa sababu nilijua nitacheka.

"Umetoka, baba," nikasema, kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Umetoka tangu jana jioni."

Hakugeuka. Lakini nilimwona kwenye kioo cha dirisha, akitabasamu.

"Vizuri, nyathina, mwanangu," akasema. "Ngoja nikuletee chai."